STESHENI YA KIKUYU: RELI YETU YA MALABA INAPOPITA JIRANI NA CHUO KIKUU

Reli inayopita hapa Malaba wengi wetu tunaijua kwa kelele zake tu. Injini inapiga honi, wenye mikokoteni wanavuta vitu vyao kando, mabehewa ya mizigo yanapita moja moja hadi unachoka kuyahesabu, halafu basi. Linaingia Uganda na sisi tunaendelea na shughuli zetu. Ni wachache wanaojiuliza vile vyuma viwili vinatoka wapi na njiani vinapita milangoni mwa nani.

Hebu tuvifuate kinyumenyume. Kutoka hapa vinakwenda Bungoma, Webuye, Eldoret, vinapanda hadi Timboroa, vinateremka Nakuru, Naivasha, vinapanda tena ukuta wa Bonde la Ufa kupitia Kijabe, vinafika Limuru, halafu Kikuyu, na kilomita 31 baada ya Kikuyu vinaingia Nairobi. Makala yangu ni kuhusu hiyo Kikuyu. Nimeichagua kwa sababu moja kubwa: Chuo Kikuu cha Nairobi kina kampasi huko, nayo ndiyo kampasi ya elimu. Kila mwaka watu wa hapa mpakani wanaoitwa Chuo Kikuu cha Nairobi kusomea ualimu hupanga safari ya kwenda mjini, halafu mtu akisoma barua vizuri anakuta ameandikiwa Kikuyu. Msichana mmoja wa mtaa wetu alipopata barua kama hiyo, mama yake, ambaye anauza mitumba na alikuwa tayari anapiga hesabu ya nauli ya miaka minne, aliuliza swali la maana sana: "Si reli inapita huko? Kwani hakuna treni?"

Nilijaribu kumjibu, na jibu likawa refu. Ndilo hili.

Kwanza, tujue stesheni ilitangulia chuo kwa miaka mingi. Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899, na mafundi hawakukaa sana pale kwenye kinamasi. Walianza kupanda kuelekea Kikuyu. Lengo lao lilikuwa Ziwa Viktoria, na walifika Kisumu, wakati huo ikiitwa Port Florence, Desemba 1901. Watu wengi huuliza kwa nini iliitwa Reli ya Uganda na haikuingia Uganda. Jibu ni kwamba iliingia! Kabla ya mwaka 1902 Naivasha na Kisumu zilihesabiwa kuwa Uganda, katika Mkoa wa Mashariki. Mwaka huo Waingereza wakauhamisha mpaka. Kwa hivyo sisi tunaojiita watu wa mpakani, mpaka wenyewe ulitufuata baadaye.

Njia inayokuja kwetu ilikuwa tawi la baadaye. Ilitoka Nakuru, ikafika Eldoret mwaka 1924, na Kampala mwaka 1931. Huko Kikuyu nako mambo yalikuwa yakijengwa karibu na reli. Wamishenari wa Uskoti walikuwa wameshaweka kituo chao Thogoto (jina hilo lenyewe ni neno "Scots" likitamkwa na wenyeji), Shule ya Upili ya Alliance ikaanzishwa mwaka 1926, na ya wasichana mwaka 1948. Chuo Kikuu cha Nairobi kilipata hadhi kamili mwaka 1970, na kampasi ya Kikuyu ikaja miaka ya 1980. Ukitazama mpangilio huo utaona treni haikuletwa kwa ajili ya mwanachuo. Mwanachuo ndiye aliyekuja akaikuta stesheni, akajipachika kwenye safari za watu wengine. Hilo ukilishika vizuri, matatizo mengine yote yanaeleweka.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo mimi binafsi linanivutia zaidi, nalo ni ule mlima. Nairobi iko karibu mita 1,660 juu ya usawa wa bahari. Kikuyu iko mita 2,000 na ushee. Kwa barabara, kutoka katikati ya jiji mpaka Kikuyu ni kama kilomita 20. Kwa reli ni 31. Kilomita hizo nyingine zinatoka wapi? Zinatokana na kuzunguka. Gurudumu la treni ni chuma, na reli ni chuma, na chuma juu ya chuma huteleza. Utelezi huo ndio unaofanya treni kuwa ya rahisi kuvuta kwenye tambarare, lakini mlimani unageuka adui. Matatu ina mpira wa kushika lami, inapanda moja kwa moja. Treni haiwezi. Inabidi ilizunguke pambaja la kilima polepole, ikipanda kiasi cha mita 11 au 12 tu kwa kila kilomita.

Unaweza kusema mita 12 ni nini? Mtoto wa darasa la kwanza anaweza kupanda mita 12 kwa kilomita bila kuhema. Ni kweli, lakini mtoto hakuvuta mabehewa. Piga hesabu hivi. Kwenye mwinuko wa mita 12 kwa kila mita 1,000, kila tani moja ya treni inavutwa kurudi nyuma kana kwamba umeifunga mzigo wa kilo 12 kwa kamba. Treni ya tani 500 inavutwa nyuma kwa uzito wa tani 6. Hizo ni mbali na nguvu za kuisogeza tu. Wale waliowahi kubeba mtu kwa baiskeli kuelekea kilima cha Amukura wananielewa vizuri. Mvua ikinyesha reli inalowa, magurudumu yanaanza kuzunguka papo hapo bila kwenda, na ndiyo maana injini hubeba mchanga. Ndiyo, mchanga wa kawaida mkavu! Dereva anapoona inateleza anaumwaga mbele ya magurudumu kupitia mabomba madogo ili yapate kushika. Babu yangu aliyefanya kazi ya kukagarabati mataruma alikuwa akisema injini bila mchanga ni kama ng'ombe bila kwato.

Kwa hivyo mwanachuo anayetoka Nairobi kwenda Kikuyu kwa treni asitarajie kushindana na matatu iliyopata barabara wazi. Itampita. Lakini nimesema barabara wazi, na kila mtu aliyewahi kufika Nairobi asubuhi au jioni anajua hiyo barabara wazi ni ya saa ngapi. Magari yanaposimama, ile treni ya polepole inaendelea na upolepole wake bila kumngoja mtu. Nguvu ya treni ya vitongojini iko hapo. Haishindi kwa mbio. Inashinda kwa kutozuiwa.

Halafu kuna suala la njia moja. Reli hii ina upana wa mita moja kamili kati ya chuma na chuma, tofauti na ile ya SGR ambayo ni milimita 1,435, na kwa sehemu kubwa ni njia moja tu. Treni mbili zikielekeana haziwezi kupishana kama magari. Lazima moja iingie kwenye njia ya pembeni stesheni, ingoje nyingine ipite. Stesheni kama Kibera, Dagoretti na Kikuyu zina kazi hiyo pia mbali na kupakia watu. Sasa fikiria: mzigo wa Uganda unaokuja kwetu Malaba kutoka Nairobi unatumia njia ile ile anayotumia mwanafunzi wa Kikuyu. Treni ya mizigo ni ndefu na nzito, ikianza kupanda huwezi kuisimamisha hovyo, maana kuiondosha tena mlimani ni taabu. Mmoja wao lazima angoje. Saruji yetu na mtihani wake vinagombania vyuma viwili. Huenda wengine hamtakubaliana nami, lakini mimi naona hilo ni jambo la kutufanya tuwe na haya kidogo tunapolalamika kwamba treni ya mizigo imetuchelewesha kuvuka.

Tufike sasa kwenye ratiba, kwa sababu hapo ndipo lilipo jibu la mama yule. Treni za abiria za vitongoji vya Nairobi zimepangwa kwa ajili ya wafanyakazi wa mjini. Kwa kawaida asubuhi zinaelekea Nairobi, jioni zinarudi. Mchana hapo katikati huwa kimya. Ni sawa kabisa kwa karani wa ofisini au fundi wa Eneo la Viwanda. Kwa mwanachuo inategemea analala wapi.

Chukua mwanachuo wa kwanza, anayelala mabwenini Kikuyu. Siku nyingi hahitaji treni kamwe, maana darasa liko pale pale. Lakini siku akitaka kwenda kampasi kuu mjini, kwa mfano kusoma katika maktaba kubwa au kufuatilia karatasi zake, ratiba inamfaa kama kiatu. Anashuka na wafanyakazi asubuhi, anapanda nao jioni. Chukua sasa wa pili, anayekaa kwa mjomba wake Kibera ili kuokoa pesa za kodi, ambaye kila siku anatakiwa kuwa Kikuyu asubuhi. Huyu anakwenda kinyume na mkondo. Wakati anapotaka kupanda, treni zinateremka. Wakati anapotaka kurudi, zinapanda. Anakaa kando ya reli, treni anaiona kwa macho, na bado anapanda matatu. Yaani umbali mmoja, reli moja, stesheni moja, lakini mmoja anasaidiwa na mwingine hasaidiwi. Ukimuuliza mtu "treni inafika chuoni?" umeuliza swali nusu. Muulize inafika saa ngapi na inaelekea wapi.

Kuna na wanafunzi wa aina ya tatu ambao ni watu wazima: walimu. Tangu miaka ya 1980 kampasi ya Kikuyu imekuwa mahali ambapo walimu walio kazini huja kusomea shahada shule zinapofungwa, Aprili, Agosti na Desemba. Wametoka pembe zote za nchi, hata huku kwetu. Huyo anakuja na sanduku, anakaa wiki chache, anaondoka. Huyo treni ambayo ingemfaa si ya Nairobi kwenda Kikuyu bali ya kumtoa kwao.

Nayo ilikuwapo. Miaka ya 1990 treni ya abiria ilikuwa ikitoka Nairobi alasiri, inalala njiani, inafika Malaba asubuhi ya pili. Wazee wetu waliipanda. Babu alisimulia baridi ya Timboroa usiku, maana pale reli iko zaidi ya mita 2,700 juu ya bahari na watu wa huku kwenye joto walijifunika mpaka magunia. Siku hizi hakuna. Hapa kwetu ni mizigo mitupu. Treni ya abiria ya kuja magharibi iliporudishwa Desemba 2021 ilikuwa ya Kisumu, ikichepuka Nakuru, na ilipangwa kwa mwisho wa wiki. Nayo SGR ilianza kubeba abiria kutoka Mombasa hadi Nairobi mwaka 2017, na mwaka 2019 ikasogezwa mpaka Suswa. Ramani za kwanza zilionyesha ikifika Malaba. Lakini hata ikifika, msidhani itapita Kikuyu. Yenyewe ilipita upande wa Rongai na Ngong, ikatoboa milima, kwa hivyo kampasi yetu imebaki na reli ya zamani.

Ukishuka stesheni safari haijaisha. Stesheni iko mjini Kikuyu, na kampasi iko nje kidogo ya mji. Lazima umalizie kwa miguu au bodaboda. Wataalamu wa usafiri husema kwamba kipande cha mwisho ndicho kinachoamua kama mtu atapanda treni au la, na mimi nawaamini. Kama treni ni rahisi kuliko matatu lakini bodaboda inakula ile tofauti, umepata faida gani? Mwenye miguu na muda atafaidika. Mwenye mvua kichwani na mtihani saa mbili atalia. Jambo moja zuri la treni ni kwamba nauli yake haibadiliki kwa sababu ya mawingu. Makanga akiona mvua anaongeza, akiona watu wamejaa steji anaongeza, akiona umebeba sanduku ndiyo usiseme. Karani wa tiketi anakuuzia bei ile ile ya jana. Kwa mwanafunzi anayeishi kwa kugawa pesa kwa wiki, kujua nauli ya kesho ni kitu kikubwa kuliko wenye mali wanavyofikiri.

Lakini reli nayo ina udhaifu wake, na lazima niseme ukweli. Ikikatika mahali pamoja imekatika yote. Januari 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, vijana waling'oa reli pale Kibera. Watu wa Kikuyu walikosa treni, sawa, lakini mizigo ya Uganda nayo ilikwama, na Uganda ikapata shida ya mafuta. Kibera na Kampala ziko mbali, lakini kwa reli ni ndugu. Tena Aprili 2024 mvua kubwa zilipoifurika Nairobi, treni za vitongoji zilisimamishwa. Matatu ikikuta barabara imefungwa inatafuta uchochoro. Treni haina uchochoro.

Hata hivyo serikali haijaitupa. Mwaka 2020 Kenya ilinunua kutoka Uhispania treni 11 za dizeli zilizokuwa zimetumika huko, za aina ambayo injini imo ndani ya mabehewa yenyewe, zikawekwa kwenye usafiri wa vitongoji vya Nairobi. Faida yake ni kwamba zikifika mwisho hazihitaji kuhangaika kuzungusha injini. Dereva anahama tu kutoka chumba cha mbele kwenda cha nyuma, na mbele panakuwa nyuma. Kwenye stesheni ndogo zenye njia chache hilo linaokoa muda mwingi.

Na wenzetu wa ng'ambo? Vyuma vile vile vikishavuka mto hapa vinakwenda Tororo, Jinja, mpaka Kampala. Desemba 2015 Kampala ilianzisha treni ya abiria ya kwenda Namanve upande wa mashariki. Njia hiyo inapita pande za Nakawa, kwenye Shule ya Biashara ya Makerere, na pande za Kireka, jirani na Chuo Kikuu cha Kyambogo, ambacho kiliundwa mwaka 2003 kwa kuunganisha vyuo vitatu, kimojawapo kikiwa cha walimu. Yaani, msomaji, kwenye mwisho wa mashariki wa reli hii kuna walimu wanaosomea Kikuyu, na kwenye mwisho wa magharibi kuna walimu wanaosomea Kyambogo, na sisi tuko hapa katikati tunapigiwa honi.

Nilimwambia yule mama hivi: Mpeleke binti kwa basi la usiku. Mabasi ya kutoka Malaba yanakuja kwa barabara kuu ya Nakuru, nayo inafika njia ya kuingia Kikuyu kabla ya kufika Nairobi. Amwambie dereva mapema amteremshe hapo, asipelekwe mpaka mjini halafu alipe tena matatu ya kurudi nyuma, kama wafanyavyo wageni wengi. Kutoka barabarani achukue bodaboda na akubaliane bei kabla ya kukaa. Treni aiweke kwa zile siku za kwenda mjini asubuhi na kurudi jioni. Hesabu ya nauli ikapungua kidogo, si sana.

Wengine wenu mtasema, kwani ni lazima kwenda mbali hivyo? Kweli, sasa tuna Chuo Kikuu cha Alupe hapa hapa kaunti yetu ya Busia. Kilikuwa tawi la Chuo Kikuu cha Moi, kikapewa hati yake mwaka 2022. Hakina stesheni. Reli haipiti upande ule kabisa. Inatoka Bungoma na kuja Malaba, na mji wa Busia wenyewe haujawahi kuona treni. Alupe iko kando ya barabara ya Busia kwenda Malaba, na anayekwenda huko anapanda matatu au bodaboda, chombo ambacho jina lake lilizaliwa hapa hapa mpakani, wenye baiskeli walipokuwa wakiita abiria wa kuwavusha kutoka kituo kimoja cha forodha hadi kingine. Ukitoka Malaba mwambie makanga "Alupe" na ukae karibu na mlango, kwa sababu wengine hupitiliza mpaka Busia wakitumaini utalipa zaidi.